Kabla hujalipia uanachama wa jumuiya ya heshima chuoni Marekani, uliza ni nani aliyekuchagua

Mlezi wa Tawi (mleta uzi)

Ndugu zangu wanajukwaa,

Kila mwaka, matokeo ya muhula wa kwanza yanapokwisha kutoka, wanafunzi wetu waliotawanyika katika vyuo vya Marekani huniandikia swali lile lile kwa maneno tofauti. Mwanafunzi ameletewa barua nzuri, yenye nembo ya herufi za Kigiriki, inayompongeza kwa kuteuliwa kujiunga na jumuiya ya heshima ya kitaaluma (yaani chama cha kuwatambua wanafunzi wanaofanya vizuri masomoni), na chini kabisa ya barua kuna kiasi cha kiingilio na siku ya mwisho ya kulipa. Anataka kujua kama hiyo ni heshima ya kweli au ni biashara. Nimelijibu swali hilo vipande vipande kwa muda mrefu, na leo nimeona afadhali niandike yote mahali pamoja, ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa. Nafundisha katika kampasi ya chuo cha umma ambayo nilipofika ilikuwa na majengo ya kuhesabika kwa vidole, na sasa wanafunzi wanasoma kwa zamu mpaka saa nne usiku. Na kwa miaka kadhaa nimekuwa mlezi wa tawi la mojawapo ya jumuiya hizo. Sitaitaja kampasi wala tawi, kwa sababu baadhi ya nitakayoyasema hayatawapendeza wenzangu.

Jibu langu huanza kwa swali: ni nani aliyekuchagua? Ikiwa waliokuchagua ni wahadhiri wa kampasi yako, waliokaa kikao wakatazama alama zako na masomo uliyochukua, na ambao unaweza kuwataja kwa majina na kuwabishia hodi ofisini, basi umepewa heshima, hata kama jumuiya yenyewe ni ndogo na haijulikani nje ya fani yako. Ikiwa aliyekuchagua ni ofisi iliyo mbali, iliyolikuta jina lako na anwani yako kwenye orodha, basi ulichopokea ni tangazo lililoandikwa kwa adabu.

Ili swali hilo lieleweke, inabidi turudi nyuma kidogo. Jumuiya ya kwanza ya aina hii, Phi Beta Kappa, ilianzishwa tarehe 5 Desemba 1776 na wanafunzi watano wa chuo cha William & Mary, mjini Williamsburg, Virginia, miezi mitano tu baada ya Wamarekani kutangaza uhuru wao. Herufi zake tatu ni mianzo ya maneno ya Kigiriki yenye maana kwamba kuipenda hekima ndiko kunakoyaongoza maisha. Wakati huo haikuhusiana kabisa na alama za mitihani. Kilikuwa chama cha siri, chenye kiapo na namna yake ya kupeana mikono, ambamo vijana walikutana kubishana juu ya mambo ambayo darasani hayakupewa nafasi. Vita vilipoingia Virginia mwaka 1781 tawi la nyumbani lilinyamaza, lakini mbegu ilikuwa imekwisha kupandwa Yale na Harvard. Huko Harvard siri iliachwa mwaka 1831, katika miaka ambayo Wamarekani wengi walivichukia vyama vya siri, na kidogo kidogo mkusanyiko wa wabishani ukageuka kuwa alama ya ubora katika masomo. Jambo moja halikubadilika: tawi liliwachagua watu waliofahamika na tawi.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba karibu kila jumuiya kubwa iliyofuata ilianzishwa na mtu aliyeona watu wake wameachwa nje. Mwaka 1885, katika chuo cha Lehigh, Pennsylvania, Profesa Edward Higginson Williams, ambaye mwenyewe alikuwa mwanachama wa Phi Beta Kappa, aliona kwamba wanafunzi wa uhandisi hawana chombo cha kuwatambua, akaanzisha Tau Beta Pi. Mwaka uliofuata, Cornell, ikazaliwa Sigma Xi kwa ajili ya watafiti wa sayansi. Mwaka 1897 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maine, Marcus Urann, akataka jumuiya moja itakayokusanya fani zote bila ubaguzi, ndiyo hii tunayoiita leo Phi Kappa Phi. (Urann huyo baadaye alikuwa mwanasheria, kisha mkulima wa kranberi, na akawa mmoja wa waanzilishi wa ushirika wa Ocean Spray, sijui mwanachama mwingine aliyehama kutoka kwenye herufi za Kigiriki hadi kwenye juisi kwa mafanikio kama hayo.) Chuo Kikuu cha Illinois kikawafikiria wa mwaka wa kwanza: wavulana wakapata Phi Eta Sigma mwaka 1923, wasichana wakapata Alpha Lambda Delta mwaka 1924, na zote mbili zikafungua milango kwa jinsia zote baada ya sheria ya mwaka 1972 iliyopiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika elimu. Ndiyo maana mwanafunzi wa leo mwenye alama nzuri hualikwa na zote mbili kwa wakati mmoja, akadhani kuna moja iliyo bandia. Zote ni za kweli.

Sasa tuje kwenye kampasi inayokua, maana hapo ndipo barua zinapowachanganya watu zaidi. Jumuiya ya kale haiingii chuoni kwa sababu chuo kina wanafunzi hodari; huingia pale chuo chenyewe kinapokuwa kimekomaa, na kukomaa huko kunapimwa na watu wa nje. Beta Gamma Sigma, ya wanafunzi wa biashara, huweka tawi pale tu ambapo skuli ya biashara ina ithibati ya AACSB, shirika linalokagua skuli za biashara. Tau Beta Pi hutaka programu za uhandisi zenye ithibati ya ABET, shirika linalokagua programu za uhandisi, na ABET haitoi ithibati mpaka programu iwe imekwisha kutoa mhitimu. Phi Beta Kappa ndiyo ngumu kuliko zote: ombi hupelekwa na wahadhiri wa chuo ambao wao wenyewe ni wanachama, mchakato wake huchukua miaka, wakaguzi huja kutazama masomo ya sanaa na sayansi, maktaba, hata namna chuo kinavyoendesha michezo yake, na mwisho wajumbe wa matawi yote hupiga kura katika mkutano unaofanyika mara moja kila miaka 3. Ndiyo sababu ni takriban asilimia 10 tu ya vyuo vya Marekani vilivyo na tawi lake.

Fikiria basi kampasi kama ya UC Merced, kampasi ya Chuo Kikuu cha California, iliyofungua milango Septemba 2005 ikiwa na wanafunzi 875, huku baadhi ya masomo yakifanyika ndani ya maktaba kwa sababu majengo mengine yalikuwa hayajakamilika. Siku ile ya kwanza kulikuwa na wanafunzi hodari, wengi wao wakiwa wa kwanza katika familia zao kufika chuo kikuu, lakini hapakuwa na mhitimu hata mmoja. Mwanafunzi wa uhandisi katika kampasi changa ya namna hiyo anaweza kumaliza miaka yake minne akiwa wa kwanza darasani, asisikie hodi ya Tau Beta Pi, kwa sababu kampasi yake haijafikia umri wa kuombea tawi. Na katika miaka hiyo hiyo minne sanduku lake la barua halitakauka, maana jumuiya zisizohitaji tawi, wala wahadhiri, wala ukaguzi, zinahitaji anwani tu. Katika kampasi inayokua, wauza barua hutangulia na jumuiya za kale huja mwisho, na mwanafunzi asiyejua utaratibu huo hudhani kwamba iliyomfikia kwanza ndiyo iliyo kubwa.

Kuna upande wa pili ambao wenzangu hawapendi niuseme. Ukuaji huidhoofisha hata jumuiya ya kweli ambayo tayari ina tawi. Phi Kappa Phi, kwa mfano, huwafikiria wanafunzi wa mwaka wa tatu walio katika asilimia 7.5 ya juu. Kampasi yenye wanafunzi 800 wa mwaka wa tatu itatoa majina 60, na kamati ya wahadhiri wanane inaweza kukaa alasiri moja ikayapitia yote, kila mmoja akisema anamjua nani na anamkumbukaje. Wanafunzi hao wakifika 4,000, majina yanakuwa 300. Kamati haisomi tena; ofisi ya msajili inachuja kwa kompyuta, barua zinatoka zote kwa siku moja, na hafla inahamishiwa kwenye ukumbi wa michezo, ambako jina la mwanafunzi linasomwa kwa kukosewa na mtu asiyewahi kumwona. Mimi mwenyewe nimesimama jukwaani nikisoma majina hayo. Mwanafunzi mmoja alipofika mbele aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ameketi katika darasa langu mihula miwili, na sikumkumbuka. Nilikuwa nimempa alama ya juu kabisa.

Tangu siku ile tulibadilisha mambo mawili katika tawi letu. Kwanza, kila jina kwenye orodha sharti lipate mhadhiri mmoja atakayeandika sentensi mbili juu ya kazi ya mwanafunzi huyo, na kama hakuna anayeweza kuziandika, tunamwita mwanafunzi tukae naye, kwa sababu kosa si lake. Pili, mwanachama mpya hutumikia saa chache kila wiki katika chumba cha msaada wa masomo, hasa kalkulasi na kemia ya mwaka wa kwanza, ambako madarasa yamefurika na wahadhiri wengi ni wa mkataba wa muhula, wasio na ofisi ya kumkaribisha mwanafunzi baada ya kipindi. Tulidhani saa hizo zitawakimbiza watu. Baadhi walikimbia kweli, na sikuwafuata.

Nakaribisha maswali, lakini naomba tubaki kwenye mada.

Fundi Mitambo

Shikamoo Mwalimu, na ahsante kwa uzi huu. Mimi niko mwaka wa tatu, uhandisi wa mitambo, katika kampasi ambayo programu yetu ni changa. Muhula huu pekee nimepokea barua tatu. Moja ilikuja kwenye bahasha nene yenye muhuri wa rangi ya dhahabu, ikaniahidi cheti, pini, na kamba ya kuvaa shingoni siku ya mahafali. Ya pili ilikuja kwa barua pepe na imenikumbusha mara tano. Ya tatu ni karatasi moja isiyo na urembo wowote, imetoka kwa katibu wa idara ya hisabati, inasema kwamba wahadhiri wa hisabati wamenipendekeza kwa Pi Mu Epsilon kutokana na masomo niliyoyachukua kwao, na kwamba kama siwezi kulipa kiingilio nimwone mwenyekiti wa idara. Nakiri kwamba nilikuwa nimekwisha kuamua kulipia ile ya bahasha nene. Tau Beta Pi haipo kwetu. Je, niache zote?

Mlezi wa Tawi

Marhaba, kijana wangu. Soma tena barua ya tatu. Imetaja waliokupendekeza, imetaja sababu, na imetaja mlango wa kubisha endapo huna fedha. Pi Mu Epsilon ni jumuiya ya hisabati ya tangu mwaka 1914, iliyoanzia chuo cha Syracuse, na mhandisi aliyechaguliwa na watu wa hisabati hana sababu ya kuona haya. Kuhusu zile mbili nyingine, nenda ofisi ya shughuli za wanafunzi ukaulize kama zina tawi lililosajiliwa kampasini, mlezi wake ni nani, na mara ya mwisho walikutana lini. Maswali hayo matatu hayachukui dakika kumi. Suala la Tau Beta Pi ni refu kidogo, nitalirudia chini.

Mama Wawili

Nami naomba nichangie, kwa sababu mara nyingi mazungumzo haya huwahusu vijana waliotoka sekondari moja kwa moja. Mimi nilianza katika chuo cha miaka miwili nikiwa na watoto wawili na kazi ya usiku. Huko ndiko nilikoijua Phi Theta Kappa, jumuiya ya vyuo vya aina hiyo tangu mwaka 1918. Sikuijali mpaka mshauri wa masomo aliponionyesha kwamba vyuo vingi vya miaka minne hutenga ufadhili maalumu kwa wanachama wake wanaohamia kwao. Ufadhili huo ulinipunguzia ada kwa kiasi ambacho, bila hicho, nisingehama.

Lakini nilipohamia kwenye kampasi kubwa inayopanuka kila mwaka, nilijikuta sifahamiki na mtu. Mikutano ya tawi ilipangwa alasiri, saa ambazo sisi wenye kazi na watoto hatupatikani, na hafla ya kusimikwa ilikuwa siku ya kazi. Mwalimu, umesema kwamba ni vema kuchaguliwa na wanaokufahamu. Je, mwanafunzi wa jioni, anayeingia darasani saa kumi na mbili na nusu na kutoka mbio kuwahi basi la mwisho, atafahamika na nani?

Mlezi wa Tawi

Dada, umenishika pabaya, na sina jibu la kujitetea. Ipo jumuiya iliyoundwa kwa ajili ya wanafunzi watu wazima wanaochanganya masomo na kazi, inaitwa Alpha Sigma Lambda, na kama kampasi yako ina kitivo cha elimu endelevu ni vizuri uulize. Hata hivyo hiyo ni kukupeleka mlango mwingine huku mlango uliokuwa mbele yako ukibaki umefungwa. Kipimo changu cha "nani aliyekuchagua" kinampendelea mwanafunzi mwenye muda wa kukaa ofisini kwa mhadhiri na kuzungumza. Zile sentensi mbili tunazozidai, nilipokwenda kuangalia kumbukumbu zetu baada ya kusoma ujumbe wako, zilikosekana zaidi kwa wanafunzi wa jioni kuliko kwa wa mchana. Tuliwaita kwa mazungumzo, lakini tuliwaita saa nane mchana. Nitalipeleka jambo hili kwenye kamati.

Msomaji wa Usiku

Naomba niongeze faida moja ambayo watu wengi hawaijui, kwa kuwa nimefanya kazi ya kuajiri katika idara moja ya serikali kuu ya Marekani. Mhitimu wa shahada ya kwanza asiye na uzoefu kwa kawaida huanzia daraja la mshahara linaloitwa GS-5. Kanuni za ajira zinamruhusu aanzie GS-7 kama amethibitisha ufaulu wa juu, na njia mojawapo ya kuthibitisha ni uanachama wa jumuiya ya heshima ya kitaifa inayotimiza masharti ya chini ya umoja wa jumuiya hizo ulioanzishwa mwaka 1925, unaojulikana kwa kifupi kama ACHS. Zile za mwaka wa kwanza hazihesabiwi. Umoja huo hutaka, pamoja na mengine, kwamba jumuiya ya fani zote isishuke chini ya asilimia 20 ya juu ya darasa, na ya fani moja isishuke chini ya asilimia 35.

Tahadhari mbili. Kwanza, mtu anaweza kufika GS-7 kwa wastani wa alama zake tu, bila jumuiya yoyote, maana wastani wa 3.0 kati ya 4.0 unatosha, kwa hiyo asidanganywe mtu kwamba atalipwa zaidi kwa sababu ya pini. Pili, kazi nyingi za serikali hiyo zinamtaka raia, na wenzetu wengi wanaosoma kwa viza ya mwanafunzi hawatazigusa.

Kipanga

Nimewasoma wote kwa heshima, lakini kuna jambo mnalipita pembeni. Mleta uzi amesema kwamba dawa ni kuchaguliwa na watu wa kampasi yako. Watu hao wa kampasi ndio waliowafungia nje wanawake kwa miaka karibu mia moja, na Weusi kwa muda mrefu zaidi. Kompyuta ya msajili, ambayo ameisema kwa kejeli, angalau haitazami rangi ya mtu wala lafudhi yake. Mwanafunzi wetu anayezungumza Kiingereza kwa lafudhi, anayeona haya kuzungumza darasani, atapata alama zote lakini hatapata hizo "sentensi mbili". Kwa nini tusiseme wazi kwamba orodha ya alama ndiyo yenye haki, na kikao cha wahadhiri ndicho chenye upendeleo?

Mlezi wa Tawi

Ndugu Kipanga, nimekaa na hoja yako siku mbili kabla ya kujibu, kwa sababu sehemu yake kubwa ni kweli.

Wanawake wa kwanza waliingia Phi Beta Kappa mwaka 1875, katika tawi la Chuo Kikuu cha Vermont, miaka 99 baada ya jumuiya kuanzishwa. Hesabu yako iko sawa. Tawi hilo hilo la Vermont ndilo lililomchagua George Washington Henderson, mtu aliyezaliwa utumwani, mwaka 1877. Edward Bouchet alimaliza Yale mwaka 1874 akiwa miongoni mwa wanafunzi bora wa darasa lake, na mwaka 1876 akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamivu katika chuo cha Marekani, kwenye fizikia. Lakini tawi la Yale lilikuwa limelala, na alichaguliwa mwaka 1884 lilipofufuliwa, miaka 10 baada ya mahafali yake. Vyuo vya Weusi vyenyewe vilisubiri zaidi. Fisk ilianzishwa mwaka 1866 na Howard mwaka 1867, na vyote viwili vilipata tawi la Phi Beta Kappa mwaka 1953, mwezi Aprili, siku chache zikipishana.

Tazama lakini namna vyuo hivyo vilivyosubiri. Mwaka 1937, katika chuo cha Tennessee A&I, walianzisha jumuiya yao wenyewe, Alpha Kappa Mu, ili mwanafunzi hodari wa chuo cha Weusi asimalize masomo bila kutambuliwa na mtu. Na pale Howard alikuwapo Alain Locke, mwanafalsafa aliyeingia Phi Beta Kappa akiwa Harvard, Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata ufadhili wa Rhodes wa kwenda kusoma Oxford, Uingereza, mwaka 1907. Locke alifundisha Howard kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na alikuwa miongoni mwa waliohangaikia tawi hilo. Lilipatikana mwaka ule ule aliostaafu, na mwaka uliofuata akafariki. Mtu huyo tayari alikuwa na heshima yake mkononi. Angeweza kuridhika nayo. Alichokitaka ni kwamba wahadhiri wa Howard wawe na mamlaka ya kuwachagua wanafunzi wa Howard, na kwamba uamuzi wao uheshimiwe Harvard kama uamuzi wa Harvard unavyoheshimiwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana nawe. Orodha ya alama haina upendeleo wakati wa kuchuja, lakini alama zilizomo ndani yake zilitolewa na wahadhiri wale wale, katika madarasa yale yale, ambamo mwenye lafudhi aliona haya kunyoosha mkono. Kompyuta huupokea upendeleo huo kimya na kuuita namba. Kikao kinaweza kuulizwa maswali, na muhula uliopita mwenzetu mmoja aliuliza katika kikao chetu kwa nini wanafunzi saba wa kigeni hawana hata sentensi moja, tukanyamaza wote, kisha tukawaita. Wanne kati yao ndio wanaoendesha chumba cha kalkulasi hivi sasa.

Nakubali kwamba chujio la alama litangulie, ili kamati isiweze kumwacha mtu nje kwa sababu hawamjui. Sentensi mbili zisiwe kizuizi. Ziwe deni la wahadhiri kwa mwanafunzi. Nadhani ndivyo nilivyokusudia mwanzoni, ila niliandika kama mtu aliyezoea kukaa upande wa wenye kalamu.

Sasa nirudi kwa Fundi Mitambo kama nilivyoahidi. Tau Beta Pi haitakuja kwenu yenyewe. Mkuu wa idara yako ndiye anayejua kama programu imekwisha kupata ithibati, na kama imepata, ombi la tawi huanzia kwa wanafunzi na wahadhiri wanaolitaka. Wewe mwenyewe huenda ukahitimu kabla halijajibiwa. Muulize hata hivyo.

Mama Wawili

Mwalimu, niongezee neno moja kwa ndugu Kipanga. Mimi nina lafudhi, na aliyeniandikia barua ya kunipendekeza alikuwa mhadhiri wa mkataba aliyenifundisha muhula mmoja tu, saa tatu usiku, na ambaye mwaka uliofuata hakuongezewa mkataba. Wenye ofisi hawakunijua. Mnapozungumzia wahadhiri wanaochagua, mjiulize pia kama hao wa mkataba wana kiti kwenye hicho kikao.

Mlezi wa Tawi

Hawana, dada. Katiba ya tawi letu inasema wahadhiri wa kudumu. Imeandikwa wakati kampasi ilikuwa na wahadhiri wa kudumu karibu wote, na hakuna aliyeifungua tena tangu hapo.

Fundi Mitambo

Mwalimu, narudi na majibu. Ofisi ya shughuli za wanafunzi wametafuta majina mawili niliyowapelekea. Ile ya bahasha nene haina tawi wala mlezi katika kampasi yetu, na haijawahi kuwa nalo. Ile ya barua pepe ilisajiliwa zamani, ila mlezi wake alihama na hakuna aliyechukua nafasi. Kwa Pi Mu Epsilon nimejibu ndiyo.

Mkuu wa idara ameniambia ithibati ilipatikana mwaka jana, na kwamba hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwuliza habari ya Tau Beta Pi kabla yangu. Amesema nikikusanya wenzangu yeye atakuwa mlezi wa muda. Tumepatikana tisa. Kikao cha kwanza ni Jumanne saa mbili usiku, ili wa jioni nao wafike, na tutakutana katika maabara ya vimiminika, kwa kuwa madarasa yote yana watu.